Njia ya Sentimita Tatu: Mrija wa Mkojo Ndani ya Tezi Dume

Nawashukuru sana kina mama mliokuja, maana mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kujua kwamba baba anaamka mara nne usiku, na ninyi ndio mnaomfikisha hospitali alfajiri akiwa hawezi kukaa wala kusimama kwa mkojo uliogoma kutoka.

Nimeombwa niseme juu ya tezi dume. Mimi nitaanzia kwenye kitu kidogo kuliko tezi yenyewe: kipande cha mrija wa mkojo kinachopita ndani yake. Urefu wake ni sentimita tatu hivi, kwa wengine nne. Nimefundisha anatomia miaka mingi, na kila mwaka naona wanafunzi wakikipita haraka ili wawahi figo na moyo. Lakini mtu akizielewa sentimita hizi tatu, ameelewa sehemu kubwa ya shida za mkojo za mwanaume aliyevuka miaka 50. Ataelewa pia jambo linalotuua kimyakimya: uvimbe unaomsumbua mtu mapema kwa kawaida si ule wa hatari, na ule wa hatari hausumbui mpaka tumechelewa.

Tutavitaja viungo kwa majina yake, kwa heshima. Wahenga walishatuambia kwamba mficha uchi hazai.

Wiki chache zilizopita alikuja kliniki mzee mmoja, fundi seremala, vumbi la mbao likiwa bado kwenye mikunjo ya mikono yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwa tahadhari ukingoni mwa kiti. "Mwanangu daktari," akasema, "mimi nina tezi dume." Nikamuuliza alianza kuwa nayo lini. Akafikiri kidogo. "Tangu masika ya mwaka jana."

Hivyo ndivyo tunavyosema wengi wetu. Tumelichukua jina la kiungo tukalifanya jina la ugonjwa, mtu akisema ana tezi dume tunampa pole. Mzee yule alikuwa nayo tangu yumo tumboni mwa mama yake. Katika mwezi wa tatu wa mimba, ukuta wa njia ya mkojo ya mtoto wa kiume huanza kuchipua vijitawi, kama mhogo unavyochipua kwenye macho yake, na vijitawi hivyo ndivyo vinavyokuwa tezi dume. Naomba tuushike mfuatano huo: njia ilitangulia, tezi ikaota kutoka kwenye ukuta wake na kuizunguka. Tezi dume ni chipukizi la njia ya mkojo. Ndiyo maana mara nyingi ikivimba, njia huhusika.

Wengine hawaitaji kabisa. Shida ya mkojo ya mzee huitwa ngiri, au mshipa, au huchanganywa na busha. Ngiri ni utumbo unaopenya mahali palipolegea kwenye ukuta wa tumbo, mara nyingi kwenye kinena. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Vyote viwili viko mbali na njia ninayoizungumzia, na mtu anaweza kunywa dawa ya ngiri miaka miwili huku kibofu chake kinaharibika.

Sasa tuifikie yenyewe. Kibofu cha mkojo kimekaa nyuma ya mfupa wa kinena. Chini yake, pale shingo ya kibofu inaposinyaa, ndipo ilipo tezi dume. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo: upana sentimita nne, urefu tatu, unene mbili, uzito gramu 20 hivi. Nyuma yake ipo puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kati ya puru na tezi pana ukuta mwembamba tu. Mrija mzima wa mkojo wa mwanaume una urefu wa sentimita 18 hadi 20, wa mwanamke ni nne. Unatoka kwenye kibofu, unaingia kwenye tezi kwa juu, unatokea kwa chini, unapenya sakafu ya nyonga, kisha unafuata uume hadi nje.

Ndani ya tezi mrija hauko katikati kamili. Umeegemea mbele. Sehemu kubwa ya nyama ya tezi, ile inayotengeneza majimaji, iko nyuma na ubavuni mwa mrija. Mbele pana misuli na nyuzi ngumu zaidi. Wala mrija haushuki moja kwa moja. Ukifika katikati ya safari yake unapinda kuelekea mbele, kiasi cha nyuzi 35 hivi. Pindo hilo na ule upande wa nyuma tutavihitaji baadaye.

Katika chumba cha mafunzo, mwanafunzi huipasua tezi kwa mbele, kuanzia shingo ya kibofu kushuka chini, kisha anaifungua kama samaki anayetayarishwa kubanikwa. Hapo ukuta wa nyuma wa mrija unabaki umelala wazi mbele ya macho. Wa kwanza kuuona kila mara hushangaa, kwa sababu alitarajia bomba laini, kumbe kuna mandhari nzima. Katikati, kutoka juu hadi chini, kuna tuta jembamba, kama tuta la viazi. Kila upande wa tuta kuna mfereji. Tuta hili limeusukuma ukuta kiasi kwamba mrija ukikatwa kwa upana hauonekani duara. Unaonekana kama mwezi mwandamo, mgongo wake ukitazama mbele. Ndani ya mifereji ile miwili, ukiinamia na taa na kioo cha kukuzia, unaona vitundu kama vilivyochomwa kwa sindano, jumla yake 15 hadi 20. Hiyo ni midomo ya vijitawi vile vilivyochipuka mwezi wa tatu wa mimba. Tezi ikiminywa, majimaji meupe hafifu hutokea hapo.

Katikati ya tuta kuna mwinuko wenye ukubwa wa punje ndogo ya mtama. Kwa Kilatini umepewa jina lenye maana ya kilima kidogo cha mbegu, nami nitauita kilima. Mahali hapa nimepapenda tangu nikiwa mwanafunzi, na sijapata mahali pengine mwilini ambapo mambo mengi namna hii yamekusanyika katika milimita chache. Mrija unapindia hapo. Juu ya kilima, kulia na kushoto, kuna vitundu viwili: ndiyo mirija inayoleta mbegu za kiume kutoka korodani pamoja na maji ya vifuko vya shahawa, baada ya kupenya tezi kwa sentimita mbili hivi kutoka nyuma. Kwa hiyo, kutoka shingo ya kibofu hadi kilimani, njia hii ni ya mkojo peke yake. Kuanzia kilimani kwenda chini, ni ya mkojo na ya uzazi. Njia mbili zimekutana hapo na kuwa moja.

Kati ya vitundu hivyo viwili kuna cha tatu, na hiki hakiendi popote. Ni kifuko kidogo kilichozibwa mwishoni, kina cha milimita sita hivi. Kila kiumbe tumboni, wa kike au wa kiume, huanza na jozi mbili za mirija, moja inayoweza kuwa njia za kike na nyingine njia za kiume. Kwa mtoto wa kike jozi ya kwanza huwa mirija ya uzazi na mfuko wa uzazi. Kwa wa kiume, korodani changa hutoa homoni inayoamuru jozi hiyo isinyae. Mfaransa Alfred Jost alilionyesha hilo mwaka 1947 kwa kuwafanyia upasuaji sungura wakiwa bado tumboni mwa mama zao: aliyeondolewa korodani mapema alijengeka njia za kike. Lakini kusinyaa huko hakufuti kila kitu, na kwa maelezo yaliyozoeleka ya anatomia kifuko kile cha milimita sita ni alama iliyobaki. Kila mwanaume aliyemo humu ukumbini anayo, ndani kabisa, alama ya mfuko wa uzazi ambao haukujengwa. Nimelisema hili mbele ya wanafunzi mara nyingi na bado linanifanya ninyamaze kidogo.

Kina mama wenye watoto wachanga wa kiume, kabla hatujaondoka kilimani. Wako watoto wachache wanaozaliwa na vikunjo vya ngozi laini vinavyoanzia kwenye kilima hiki na kuziba njia kama pazia. Hugh Hampton Young wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeviainisha kwa makini mwaka 1919. Mtoto wa namna hiyo hutoa mkojo kwa matone, au kwa uzi mwembamba usio na nguvu, na anajikaza. Kibofu chake huwa kinene na figo zinaumia tangu yuko tumboni. Mama anayembadilisha mtoto nepi yuko katika nafasi nzuri kuliko daktari yeyote ya kuona mkojo unavyotoka. Mkojo wa mtoto mvulana unapaswa kuruka. Kama haujawahi kuruka, mpelekeni akaonwe, na semeni hivyo hivyo: "Mkojo wake hauruki."

Turudi kwa watu wazima, na kwa milango. Njia hii ina milango miwili ya misuli. Wa juu uko kwenye shingo ya kibofu na mwanzo wa mrija. Ni msuli usioongozwa kwa hiari, unafanya kazi yake bila sisi kuujua. Wa chini uko mara tu baada ya tezi, kwenye sakafu ya nyonga, na huu ndio tunaoubana kwa hiari tukiwa garini na kituo bado kiko mbali. Tunapokojoa milango yote miwili hulegea. Wakati wa tendo la ndoa, kabla tu ya kumwaga, mlango wa juu hufunga kabisa, manii hukusanyika kwenye kipande cha njia kinachozunguka kilima, kisha mlango wa chini hulegea na manii husukumwa nje. Mlango wa juu usipofunga, manii hurudi nyuma na kuingia kibofuni. Hakuna maumivu wala sumu katika hilo, huja kutoka na mkojo baadaye. Lakini mwanaume anayeona hatoi kitu, na hakuelezwa kabla, huamini nguvu zake zimekwisha, na nimeona ndoa zikiyumba kwa sababu ya dakika tano za maelezo ambazo daktari hakuzitoa.

Na uvimbe je? Kwa miaka mingi vitabu viligawa tezi dume katika vipande, kama chungwa. Kuanzia miaka ya 1960, daktari wa Marekani aliyeitwa John McNeal alianza kuikata tezi kwa namna nyingine, akifuata mrija na mwelekeo wake, na akaonyesha kwamba kuna kanda. Ukanda wa nje, ulio nyuma na ubavuni, unachukua asilimia 70 hivi ya nyama inayotengeneza majimaji. Ukanda unaoizunguka mirija ya mbegu unachukua 25. Ukanda wa tatu ni vipande viwili vidogo vinavyoukumbatia mrija kulia na kushoto, juu ya kilima. Kwa kijana ni asilimia tano tu.

Ule uvimbe wa kawaida wa uzeeni, usio saratani, huota karibu wote kwenye asilimia hizo tano. Ndiyo maana unabana mapema. Umezaliwa mlangoni. Mwanaume akifika miaka 60, kuna uwezekano wa karibu nusu kwa nusu kwamba vinundu hivyo vimeshaanza ukitazama kwa hadubini; akifika 80 ni wachache ambao hawana. Si ugonjwa wa uasherati. Haurithiwi kwa laana wala hausababishwi na kukaa kwenye baiskeli.

Mzee wangu seremala nilimchorea haya kwenye karatasi, akanikatiza. "Mwanangu, hili nalijua. Ni mlango wa mbao mvua ikinyesha." Akanieleza: mlango ukinyonya maji unavimba, lakini fremu haisogei, basi unabana. Unaweza kuwa mlango mkubwa wa ghala ukavimba na usikwame kwa sababu fundi aliacha nafasi. Unaweza kuwa mlango mdogo wa kabati, ukavimba unene wa kucha, ukakwama. Sijawahi kumsikia mwalimu wa anatomia akieleza vizuri hivyo. Tezi dume ina gamba la nje lisilotanuka kwa urahisi, na kinachoota ndani husukuma kuelekea kwenye mrija. Kwa sababu hiyo ukubwa wa tezi si kipimo cha dhiki. Wapo wenye tezi ya gramu 100 wanaokojoa vizuri, na wapo wenye gramu 30 ambao mkojo umeziba kabisa. Wengine kinundu chao huota nyuma ya shingo ya kibofu kikaingia ndani ya kibofu, na kila wakikaza tumbo ili mkojo utoke, kinundu kinaziba tundu kama kizibo: wanavyozidi kukaza ndivyo unavyozidi kuziba. Kwa hiyo ukipewa jibu la ultrasaundi usiulize tu tezi ina gramu ngapi. Uliza umebakiza mkojo kiasi gani kibofuni baada ya kukojoa, na figo zinaonekanaje.

Kuna hesabu ya Poiseuille, daktari Mfaransa wa miaka ya 1840, aliyechunguza jinsi maji yanavyopita kwenye vijibomba vyembamba. Upana ukipungua kwa nusu, kinachopita hakipungui kwa nusu. Kinabaki sehemu moja ya kumi na sita. Mrija wa mkojo si bomba la kioo, unatanuka na kujikunja, kwa hiyo hesabu haikai sawasawa. Ila inatuonyesha kwa nini kubanwa kidogo kunaleta shida kubwa, na kwa nini kulegezwa kidogo kunaleta nafuu kubwa. Kibofu ndicho kinacholipa gharama. Ni mfuko wa msuli, na msuli unaofanya kazi ngumu hunenepa. Miaka ya mwanzo hushinda kizuizi, mzee asijue chochote isipokuwa haja ya mara kwa mara na kuamka usiku. Baadaye ukuta wake hujaa mistari na mashimo kama kikapu kilichosukwa, nguvu zinaisha, mkojo unabaki, na shinikizo linapanda hadi kwenye figo.

Dawa zetu mbili kuu zinaeleweka ukijua ramani. Ya kwanza, tamsulosini na wenzake, hulegeza msuli wa mlango wa juu na ule uliomo ndani ya tezi. Haipunguzi uvimbe, inalegeza fremu. Inasaidia ndani ya siku chache, lakini inaweza kuleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, na inaweza kurudisha manii kibofuni kwa njia niliyoieleza. Mweleze daktari kama unakunywa dawa za presha. Kinyume chake kipo pia: baadhi ya dawa za mafua, zile zinazofungua pua, hukaza msuli huohuo. Mzee aliyekuwa anakojoa kwa taabu anakunywa vidonge vya mafua usiku, asubuhi mkojo umeziba kabisa. Wauzaji wa maduka ya dawa mliopo hapa, muulizeni mzee habari za mkojo kabla hamjamuuzia.

Dawa ya pili, finasteridi, ina historia iliyoanzia kijijini huko Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto waliozaliwa na maumbile yaliyofanana na ya kike, wakalelewa kama wasichana, kisha miili yao ikageuka ya kiume walipobalehe. Walikosa kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya kiume kuwa aina yenye nguvu zaidi. Na walipokua, tezi dume zao zilibaki ndogo. Dawa inayozuia kimeng'enya hicho huifanya tezi isinyae polepole, kwa miezi sita au zaidi. Inashusha pia kipimo cha damu cha PSA karibu nusu, kwa hiyo anayepimwa lazima aseme anaitumia, vinginevyo jibu litadanganya.

Sasa saratani, na hapa naomba utulivu wenu.

Takriban saba kati ya kila saratani kumi za tezi dume huanzia kwenye ukanda wa nje, ule wa nyuma, mbali na mrija. Fikirini maana yake. Njia iko mbele, adui yuko nyuma. Anaweza kukua miaka bila kuugusa mkojo. Mwanaume anakojoa kama kijana, anajisifu, kumbe. Anayebanwa na uvimbe wa kawaida angalau njia yake inampigia kelele. Huyu hana wa kumpigia. Ile kauli tunayoisikia kila siku, "mimi nakojoa vizuri, nikapime nini," ingekuwa na mantiki kama saratani ingekaa mlangoni. Kwa kawaida haikai huko.

Lakini kwa kuwa iko nyuma, imeegemea puru, na kidole cha daktari kinaifikia. Najua jinsi kipimo cha kidole kinavyozungumzwa vijiweni, na najua wanaume walioacha kwenda hospitali kwa sababu yake tu. Hakifiki dakika moja. Tufanye jambo hapa hapa: gusanisheni ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Sasa kwa mkono wa pili bonyezeni nyama iliyotuna chini ya kidole gumba. Tezi yenye afya huhisi hivyo, kama mpira uliojazwa kiasi. Sasa kunjeni ngumi mguse fundo la kidole. Nundu gumu kama hilo, au upande mmoja usiofanana na mwingine, ndicho daktari anachokitafuta. Hakuna zaidi ya hapo. Kidole hakioni kila kitu, ndiyo maana tunaongeza PSA. Na PSA hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida, kwa maambukizi, hata kwa kuwekewa mpira wa mkojo, kwa hiyo peke yake haimhukumu mtu. Kinachohukumu ni kinyama kinachochukuliwa na kutazamwa kwa hadubini.

Mwaka 1940, mwanaanatomia Oscar Batson wa Philadelphia alionyesha kwamba mishipa ya damu inayozunguka tezi dume imeungana na mishipa ya uti wa mgongo, mishipa isiyo na vali, damu yake inaweza kwenda huku na huku. Saratani hupita humo ikafika mifupa ya kiuno na mgongo. Baba yangu mdogo alilalamika mgongo miezi minane. Alikuwa mkulima, tukasema ni jembe. Alipakwa dawa ya kuchua, akapewa vidonge vya maumivu kwenye zahanati moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimeshafaulu mtihani wa nyonga, ningeweza kuichora mishipa ya Batson kwa kalamu nne za rangi, na nilikaa naye barazani sikukuu nzima bila kumuuliza swali moja. Alipokosa nguvu za miguu ndipo alipopelekwa hospitali ya rufaa. Mzee yeyote mwenye maumivu mapya ya mgongo yasiyolala usiku, naomba aulizwe na apimwe.

Damu kwenye mkojo isichukuliwe kuwa ni tezi dume tu. Kwetu, Unguja na Pemba, kandokando ya Ziwa Victoria na kwenye majaruba ya mpunga, kichocho bado kipo, na kichocho cha kibofu huleta damu kwa mtoto na kwa mzee vilevile. Kipimwe.

Nimalizie na mpira na kisu. Mpira wa mkojo una puto dogo mwishoni, kazi ya Mmarekani Frederic Foley wa miaka ya 1930. Puto hujazwa maji likiwa ndani ya kibofu ili mpira usichomoke. Likijazwa likiwa bado ndani ya sentimita zetu tatu, linapasua njia, na damu inayotoka hapo si ya kusahaulika. Wauguzi vijana, pindo la kilimani na uvimbe ulio juu yake ndivyo vinavyowadanganya kwamba mmefika. Ingizeni mpira wote, subirini mkojo utoke, ndipo mjaze puto.

Upasuaji wa kufungua tumbo ulipata sifa mikononi mwa Peter Freyer, London, mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa tezi kubwa bado tunaufanya. Daktari huingiza kidole na kuutoa uvimbe kama unavyomenya chenza: nyama inatoka, ganda linabaki. Ganda hilo ni ukanda wa nje. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu nimekutana na wazee wengi waliosema, "Mimi nilishatolewa tezi dume, sina tena wasiwasi." Kilichotolewa ni kile kilichobana njia. Ukanda ambako saratani hupenda kuanzia bado upo, na kipimo bado kinawahusu.

Njia ya pili haifungui tumbo. Mjerumani Maximilian Nitze alitoa darubini ya kutazama kibofu mwaka 1877, na mwaka 1926 Maximilian Stern wa New York akaunganisha darubini na waya wa umeme wa kukatia. Daktari anaingia kwa njia ya mkojo yenyewe na kukwangua uvimbe vipande vipande, maji yakipita muda wote ili aone. Mzee wangu seremala alifanyiwa hivyo. Kabla ya kukata kipande cha kwanza, daktari hutafuta kilima. Akikiona, anajua yuko wapi: kilicho juu yake anaweza kukiondoa, mlango wa juu ukiwemo; kilicho chini, milimita chache tu, ni mlango wa chini, na ukiukata mzee atavuja mkojo maisha yake yote. Anakata, anarudi kukiangalia, anakata tena. Punje ile ya mtama ndiyo mpaka.

Siku ya tatu mzee alitolewa mpira. Muuguzi alimpa kopo la plastiki lenye mistari ya kupimia, akamwambia, "Babu, ukisikia haja usiende chooni bure, niletee." Alikaa saa mbili akinywa maji na kutembea korido. Kisha akaingia, akafunga mlango, na sisi tuliokuwa nje tukamsikia. Alitoka ameshika kopo kwa mikono miwili, akalishusha mezani polepole, akainama kuusoma mstari kama anavyosoma futi yake. Mililita 320.